Vitunguu vya Maua kutoka Burnt Forest

Mtaa wa West Indies, Eldoret

Kwa mke wangu, Mama Rispa,

Nakusalimu nikiwa hai, ingawa baridi ya huku imenikaa kifuani. Goti lako je? Unalikanda kwa maji moto, au umeanza tena ukaidi? Mwambie kaka yako kwamba namshukuru kwa kukuhifadhi tangu nyumba yetu ilipochomwa baada ya uchaguzi.

Uliniagiza niende Burnt Forest kuitikia wito wa jirani yetu, Mama Chebet, ukasema bila shaka anataka turudi. Nimekwenda. Soma polepole.

Mvua za kwanza zimenyesha, kwa hiyo nilitarajia kuyakuta maua yako mekundu yamechanua mbele ya pale palipokuwa na nyumba. Nilikuta mashimo. Mama Chebet alikuwa amesimama kando ya gunia.

"Mwalimu! Umekonda hivi, kwani huko town mnakula chaki?"

Nilicheka. Kisha akalisukuma gunia kwa mguu.

"Hii ni vitunguu ya maua ya Mama Rispa. Nimechimba yote. Hakuna moja imebaki."

Nilifungua. Vilikuwa na majani mabichi, na vingine bado vilikuwa na maua. Wewe mwenyewe ulimfundisha mwanamke huyu, mkiwa mmepiga magoti pamoja, kwamba kitunguu cha maua hakichimbuliwi kabla majani yake hayajageuka manjano na kulala chini, kwa sababu ndiyo yanayokilisha kwa mwaka ujao. Anajua hayo kama anavyojua kukamua.

"Kwa nini hukungoja majani yakauke?"

"Ningengoja mpaka lini, Mwalimu? Kesho kijana yangu analeta trekta. Wazee walishakaa, wakasema hii shamba ilimwe." Aligeuza uso. "Mwambie asinikasirikie. Nimeshindwa nao. Hii tu ndiyo niliweza kutoa."

Niliondoka na gunia begani, nikapitia kwa chifu na hati yetu ya shamba. Aliniambia nirudi hali ikitulia. Hali imetulia, Mama Rispa. Ndiyo maana wanalima.

Gunia nimemkabidhi kondakta wa basi la Jumamosi. Uvipande siku hiyo hiyo, shingo zikiwa juu ya udongo. Usiyakate majani, wala usivimwagilie sana visije vikaoza. Mwaka ujao havitachanua, na huenda visichanue tena. Sitakudanganya.

Usivipande kwenye debe kama ulivyozoea, ukingoja kuhama. Mwombe kaka yako kipande cha ardhi, na umwambie wazi kwamba si cha msimu mmoja.

Msalimie yeye pamoja na mkewe. Binti yetu Rispa naye mwambie aache kuwaahidi wanawe kwamba watarudi shule yao ya zamani.

Ni mimi mumeo,
Zakayo