Mbegu Zilizokufa na Sahihi Yangu

Njombe, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mihogo ya bondeni, nguruwe pori wameiachia? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka. Juzi kwenye simu Baba Mdogo alidakia kila neno, nikashindwa kukueleza. Kwa hiyo naandika. Mdogo wangu Leokadia akusomee mkiwa wawili tu.

Baba Mdogo anataka nikamwombe meneja wa duka radhi. Sikiliza kwanza nilichofanya, Mama, halafu uamue wewe.

Duka hili la pembejeo liliniajiri kwa sababu ya shahada yangu ya kilimo. Ndivyo barua ya ajira ilivyosema. Kumbe kazi yenyewe ni kufagia stoo, kuchemsha chai na kuandika majina ya wateja. Mwaka mzima! Nikavumilia, nikijiambia kazi ni kazi.

Kabla ya mvua zikaletwa mbegu za maharage. Nilipofungua mfuko mmoja, uvundo ukanipiga puani. Nikafanya nilichofundishwa chuoni: nikahesabu punje mia moja, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikawa nazinyunyizia maji kila asubuhi. Baada ya wiki moja zilikuwa zimeota thelathini na moja tu. Nikaandika kwenye daftari langu, nikampelekea meneja kitambaa kile aone mwenyewe.

Akacheka. "Adventina, ya chuo yaache chuoni. Chai iko wapi?"

Mbegu zikauzwa zote, Mama. Mwezi haujaisha, wakulima wakajaa dukani. Mmoja wao ni mjane, Mama Upendo, aliyekodi shamba na kupanda eka nzima. Alimwaga juu ya kaunta punje alizozifukua, zimeoza, zinanuka. Wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mvua ndiyo hiyo inapita. Sasa nipande nini?"

Hapo ndipo meneja alipokumbuka kwamba nimesoma. Akaniita ofisini, akanivutia kiti, mimi ambaye sijawahi kukaa mbele yake! Akanipa ripoti iliyokwisha kuchapwa: eti mtaalamu amekagua mashamba na kukuta wakulima wamefukia mbegu chini mno. Mwishoni lilikuwa jina langu, na shahada yangu kwa herufi kubwa.

"Tia sahihi hapa. Si wewe ndiye msomi wetu?"

"Nimekagua shamba la nani?" nikamuuliza.

"Adventina, usichezee ugali wako."

Shahada yangu haikufaa kuwaokoa watu hawa, lakini inafaa kuwadanganya! Nikainuka na karatasi ile mpaka kaunta, nikawasomea wakulima neno kwa neno. Kisha nikawaeleza nilichokiona kwenye kitambaa, nikamkabidhi Mama Upendo daftari langu. Wakaenda nalo kwa afisa kilimo. Akaja, akapima mbegu ambazo wakulima walikuwa hawajazipanda, akapata kama nilivyopata mimi. Duka likaamriwa kuwapa mbegu nyingine. Zile mvua zilizopita, nani atawarudishia?

Mimi nilifukuzwa siku ile ile niliyowasomea.

Sasa radhi ya nini? Baba Mdogo anasema nimewaaibisha walionisomesha. Aliyenisomesha ni wewe! Ulilima mashamba ya watu Murusagamba nzima, ukabeba ndizi kichwani mpaka mnadani kwenye njia ile yenye makorongo. Ulifanya yote hayo ili niwatilie waongo sahihi? Kama ni hivyo, niambie, nami nitaomba radhi kesho.

Usihofu kwamba nitalala njaa. Mama Upendo na wenzake wameniomba nizipime mbegu zao kabla hawajapanda tena. Jana nilishinda uani kwake nikiwafundisha wanawake kumi na wawili kuifanya kazi hiyo wenyewe. Wamenilipa viazi na mahindi. Ni kidogo, lakini hii ndiyo mara ya kwanza nimefanya kazi niliyosomea.

Nisalimie shangazi anayemuuguza Bibi kule hospitali ya Rulenge, na Bibi mwenyewe, mwambie namwombea. Msalimie na Baba Mdogo. Mwambie shikamoo yake ipo palepale, namheshimu kama baba yangu. Radhi ndiyo sina.

Mwanao ambaye hajakuaibisha,

Adventina