Nilikosea Mlango Homa Bay

Ochieng, mjukuu wangu,

Hapa Magunga mvua imenyesha na mahindi yanaendelea vizuri. Nyanya yako bado anamuuguza shangazi yako kule Migori, kwa hivyo nimebaki na kuku tu wa kuongea nao.

Umeniuliza nilipata wapi nguvu ya kuingia mkutano wa wanaoacha pombe, maana wewe umefika mlangoni mara mbili ukarudi. Sikuwa na nguvu yoyote. Nilikosea mlango.

Nilikuwa nimetoka machimbo ya dhahabu ya Osiri, nilikokuwa nikifanya kazi, mpaka Homa Bay, ambako hakuna aliyenijua. Nyuma ya kanisa nililoelekezwa nikaingia chumba cha kwanza, nikakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nikasema hata kabla sijaketi, "Pombe imenishinda. Nisaidieni."

Kumbe walikuwa wanapanga mazishi. Hakuna aliyecheka. Mjane mwenyewe aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka mlango wa chumba cha jirani, kulikokuwa na mkutano wenyewe.

"Pombe ndiyo imemuua mume wangu," akaniambia, "na hakuwahi kuyasema hayo maneno. Wewe umeshayasema. Ingia."

Ukifika tena pale mlangoni, nipigie. Niambie mimi kwanza maneno hayo, halafu uingie. Simu iko mfukoni, na siendi popote.

Babu yako