Siku Niliyoingia Baharini na Boti ya Bati

Jumapili, baada ya alasiri. Kunduchi.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi na bahari imetulia kama shuka lililopigwa pasi. Sasa jua limetoka lote. Viganja vinaniwaka, shingo imeungua upande mmoja tu, wa kushoto. Mume wangu, Baba Rehema, amelala ndani, anakoroma. Mie nimekaa mlango wa uani na simu, nataka kuandika haya kabla hayajapoa.

Leo nimeingia baharini.

Anayesoma atasema, mke wa mvuvi kuingia baharini, ajabu iko wapi? Ajabu ni kwamba sikuwahi. Mie ni mtu wa Tunduru, kwetu mito ya kiangazi unaivuka bila kukunja kanga. Niliolewa hapa Kunduchi nikiwa msichana, nikafungua cherehani yangu kibarazani, na miaka yote hiyo bahari nimeitazama kwa mbali, kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani asiyemzoea. Samaki wake nimewaparua, nimewakaanga. Lakini kwake sikuwahi kwenda.

Baba Rehema alikuwa na boti kubwa ya mbao, na mabaharia ambao wakija kula hapa nyumbani, viatu vyao vilikuwa vinafika mpaka barabarani. Mwaka juzi akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa. Mguu ukarudi pole pole. Ulimi ukarudi nusu, maneno yakawa yanatoka mazito, naye akaona aibu, akayapunguza. Mkono nao ulirudi, ila ulirudi bila hisia. Anaweza kushika kikombe cha chai asijue kama ni ya moto mpaka mie nimwambie.

Boti iliendelea kutoka na Athumani, msaidizi wake wa siku nyingi. Samaki walikuwa wanakuja, lakini Baba Rehema alikuwa hawaangalii. Alikuwa anakaa kiti chake karibu na cherehani yangu, anatazama sindano ikipanda na kushuka. Siku moja akasema boti anaiuza, Athumani na wenzake waichukue. Hakuniuliza, alinitaarifu. Nikadhani basi, ndiyo mwisho wa bahari katika nyumba hii. Usiku ule nililia kidogo, kwa kujificha, na nikashangaa kwa nini nalilia kitu ambacho sijawahi kukipanda.

Kumbe mwenzangu alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa anataka boti ndogo. Ndogo kabisa, ya watu wawili watatu, tena ya bati, maana mbao inataka kuzibwa na kupakwa mafuta kila mara, na hiyo kazi ya mikono miwili yeye hana. Akaulizia kwa watu mpaka akasikia kuna boti ya alumini inauzwa Kibamba.

Kibamba! Kule ukitaja bahari watu wanakuuliza unakwenda likizo lini.

Tulikwenda. Tukaikuta kweli, nyuma ya nyumba, imepinduliwa kifudifudi chini ya mwarobaini, na kuku wameifanya nyumba yao. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Bukoba, karani mstaafu, mpole sana. Alituambia aliinunua akiwa bado kazini, nia yake akistaafu aipeleke kwao ziwani, yeye na mkewe wazeeke wakivua sato. Mkewe akatangulia mbele za haki. Sasa anaishi na wajukuu, na ziwani hataki tena kwenda peke yake. Alisema hivyo akiwa anaipapasa boti mgongoni, kama mtu anamtuliza ng'ombe.

Ila akatuomba jambo moja. Chini ya boti kulikuwa na kuku anaatamia. Tusubiri aangue.

Nilimtazama mume wangu, nikajua atakasirika. Hakukasirika. Akachuchumaa kwa shida, akachungulia kule gizani, akamwona yule kuku, yule kuku naye akamwona. Akacheka kwa pua. Akasema tutarudi. Basi boti yetu ikasubiri vifaranga, na mzee wa watu akatupigia simu mwenyewe walipotoka wote salama.

Tuliileta kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Inapita Morogoro Road, watu wanatushangaa kama tumebeba jeneza la mtu tajiri. Kufika Kunduchi, vijana wa pwani wakaizunguka, wakaigonga kwa vidole, ikalia. Papo hapo ikapata jina: Sufuria. Mmoja akauliza tumesahau wapi mfuniko.

Baba Rehema hakuwa na habari nao. Alikuwa na kazi yake. Akaniambia tuijaze maji ndani, hapa hapa uani, juu ya matofali. Sikuelewa. Nilivyojua mie, boti ni kitu cha kuzuia maji yasiingie. Lakini tulivyoijaza, akanipa chaki, akaniambia nilale chini nitazame tumbo lake: penye tone, nitie alama. Nikalala kwenye mkeka, nikaanza kuyaona matone yakichungulia kwenye ripiti, vile vimisumari bapa vinavyoshikilia bati. Nilifurahi kama mtoto. Sijui ni kwa nini kazi ile ilinipendeza vile. Fundi wa madirisha ya alumini alikuja akaziba penye chaki zote. Alisema ripiti moja ya nyuma hajaridhika nayo, tuiangalie.

Swali likabaki: nani atakwenda naye?

Binti yetu Rehema alikuja kutoka Chamazi kwa ajili ya ubishi huo tu. Yeye alitaka baba yake asitoke kabisa, au kama ni lazima, achukue kijana mwenye nguvu. Vijana walikuwepo. Athumani mwenyewe alijitolea. Baba Rehema akakataa wote, mmoja mmoja, na Rehema alipombana sana akasema neno refu kuliko yote niliyoyasikia tangu augue.

"Sitaki mtu anayeukumbuka mkono wangu wa zamani."

Halafu nikasikia sauti ya mtu inasema, "Mie ule wa baharini siujui. Nitakwenda mie." Ilikuwa sauti yangu.

Naomba nikiri hapa, maana Rehema anasoma hii blogu na ndiye aliyenifundisha kuiandika: sikusema vile kwa huruma. Nilisema kwa sababu nilikuwa nataka kujua. Miaka yote mtu anaacha kitanda chenye joto, anaondoka kumekucha au hakujakucha, anarudi amechoka na amefurahi. Kule kuna nini?

Rehema akaondoka amenuna. Kesho yake akatuma majaketi mawili ya kuokolea, rangi ya chungwa, bila ujumbe.

Basi leo. Kuipanda tu ni mtihani. Boti ya mbao, anasema, inakupokea. Hii inakukataa kwanza. Nilivyoweka mguu ikacheza, nikakaa chini kwa makalio yote. Ni nyepesi, na ina kelele. Kila kiwimbi kinapiga chini, pa, pa, pa. Nilidondosha kopo, likalia kama kengele ya shule, Baba Rehema akafumba macho, akatandika gunia chini ya miguu yangu. Samaki wanasikia, akasema.

Kamba ya kuwashia mashine ya boti nilivuta mie. Mara ya kwanza haikuwaka, ya pili haikuwaka. Kule ufukweni Athumani alikuwa amesimama na wenzake, wanajifanya wanakunja nyavu. Baba Rehema aliangalia upande mwingine. Nikakumbuka mashine ya kushonea, inavyokataa ukiwa na hasira nayo, nikatulia, nikavuta kwa mara moja ndefu. Ikanguruma.

Yeye akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Tukaondoka.

Nitaandika nini kuhusu kuuona mtaa wako kutoka upande wa pili? Nilitafuta paa letu sikulipata. Miti ambayo nyumbani ni mikubwa, kutoka kule ni brokoli. Nilikuwa nauliza kila kitu, hiki nini, kile nini, naye mwanzo alijibu kwa kichwa, baadaye akaona kichwa hakitoshi.

Alikuwa anatafuta mwamba wake. Kila mvuvi ana mahali pake, na wanapajua kwa kupanga vitu vya nchi kavu: mnara wa msikiti ukae sawa na mti fulani wa mvinje, na kilima kile kitokeze pembeni ya kitu kingine. Tukaenda, tukageuka, tukarudi. Akazima mashine. Akawa anatazama pwani kwa muda mrefu. Maghorofa mapya yamepanda. Mnara wake haukuonekana.

"Mama Rehema," akasema, "sijui tulipo."

Nikamwambia mbona Kunduchi ni pale, panaonekana. Akasema nyumbani anapajua. Hajui kilichoko chini yetu.

Sijawahi kumwona mume wangu hajui kitu cha bahari. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mawimbi. Nikafikiri, sasa tutarudi, atakaa kwenye kile kiti, na safari hii hatainuka.

Kwa kukosa la kusema nikauliza: zamani, kabla hakujawa na minara, watu walijuaje?

Alinitazama. Kisha akachukua mshipi wa kuvulia wenye chubwi, lile pande la risasi, akaliteremsha kwa mkono wa kulia kama alivyozoea maisha yake yote. Likafika chini, akasubiri. Nikaona anaubana uzi kwenye vidole, anaubana tena. Hakuna kitu. Vidole havisikii. Akahamishia kushoto, akatikisa kichwa; mkono wa kushoto haujasomea kazi hiyo.

Nikanyoosha mkono wangu. Akanipa.

Uzi ninaujua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Uzi ukikaza sana najua, ukilegea najua, ukitaka kukatika najua kabla haujakatika. Lakini huu ulikuwa unatoka mahali nisipopaona.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia linaburuzika, laini, kama kupitisha kidole kwenye unga. Mchanga, akasema. Akawasha mashine, tukasogea. Nikateremsha tena. Safari hii linanata, likitoka linasita. Tope. Tukasogea tena, na tena. Nikaacha kuitazama pwani. Nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza kwa kidole cha shahada, naye anauliza, najibu, anauliza. Na hatimaye chubwi likagonga, tk, likaruka kidogo, likagonga tena.

"Kama nimeangusha mkasi kwenye saruji," nikasema.

Uso wake ukabadilika.

"Jiwe. Shusha nanga."

Tulivua pale mpaka jua likawa kali na bati likawa halikaliki. Alitia chambo kwa mkono wa kushoto na meno. Mie nilikuwa nashika mshipi na kumsimulia: sasa ananyonya, sasa ameacha, sasa anagonga gonga. Yeye anasema, bado, bado, vuta. Tukapata samaki aina ya changu, si wakubwa. Kila mmoja nilimshangilia mpaka akaniambia ninyamaze, lakini alisema huku anatabasamu.

Halafu akaja mwingine. Huyu hakugonga. Alivuta tu, kwa uzito, kama mtu anayekushika mkono asikuachie. Uzi ukanikata viganja. Baba Rehema akanyoosha mkono wake wa kushoto akashika uzi nyuma yangu, tukavuta wawili, Sufuria ikalala upande, maji yakachungulia. Na mara ghafla, hakuna. Uzi mtupu, umekatika. Nikaanguka juu yake.

Nilitaka kulia. Yeye alikuwa anacheka. Anacheka kwa sauti, mdomo umepinda na mate yanamtoka, hajali.

"Huyo chewa," akasema. "Ameingia pangoni, chumbani kwake, kafunga mlango."

Tunarudi, ile ripiti ya nyuma ikaanza kulia maji. Si mengi. Nikawa nayakumba kwa kopo, nayamwaga nje, huku upepo umeongezeka na boti inapiga pa, pa, pa. Nilimwomba Mungu sana njiani, siwezi kudanganya. Lakini mikono ilikuwa inafanya kazi, na nilishangaa kwamba mtu anaweza kuogopa na kukumba maji kwa wakati mmoja.

Athumani na wenzake walituinua mpaka mchangani, sie wenyewe tukiwa bado tumekaa ndani, wepesi ule. Akamwamkia mume wangu, shikamoo kapteni, kisha akachungulia samaki akauliza tumewatoa wapi. Baba Rehema akamwambia aniulize mie. Nami nikamwambia Athumani siri ya wavuvi haitolewi.

Mchana tukala changu na wali. Nilimuuliza yule chewa atafanya nini na ndoana mdomoni. Akanieleza itaoza, itadondoka. Nikauliza kwa nini mwamba unaanza pale na si kwingine, samaki wanalala au hawalali, na yule chewa ana umri gani. Alijibu maswali yote na ulimi wake mzito, wali unamdondoka, hakujifunika na mkono kama siku zote. Mwishowe akachoka. Akasema maswali ya bahari yaulizwe baharini, keshokutwa maji yatakuwa mazuri, akaenda kulala.

Nimebaki hapa na swali langu moja ambalo si la bahari. Asingeugua, ningewahi kumjua huyu mtu wa leo? Swali lenyewe silipendi. Nikilijibu kwa haraka nitaonekana nashukuru kitu ambacho hakishukuriwi.

Kwa hiyo sijibu. Nitampigia Rehema nimwambie jaketi moja limebana kifuani, halafu nitafute mtu wa ile ripiti.