Wavu Nyuma ya Kiti cha Mama

Nyumbani,
Jumanne, 6 Agosti.
Upepo tangu alfajiri, mawingu mepesi, jua linaingia na kutoka.

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa karibu na dirisha lako, na yule jirani anayekusomea anasoma taratibu bila kuruka mistari. Macho yanaendeleaje? Bado unaona rangi, au sasa ni mwanga na kivuli tu? Na kichwa je, kimeacha kukuuma? Sisi huku hatujambo. Kikohozi changu kimekwisha, na mume wangu ni mzima isipokuwa kidole gumba alichokipiga nyundo. Mama naye ni mzima, anakula na kugomba kama kawaida yake.

Tulipata habari ya upasuaji wako wa tarehe 20 mwezi huu, na ombi lako kwamba dada yako aje kabla ya siku hiyo, wakati bado unaweza kumwona uso, kwa sababu daktari hakukuahidi lolote. Mama alinitaka nimsomee barua ile mara tatu. Mara ya tatu aliichukua mkononi mwangu. Aliikunja akaiweka chini ya mto wake. Najua ulingoja jibu ukalikosa, na pengine ulifikiri mengine. Leo nakueleza kilichomzuia.

Tarehe 11 Mei mume wangu alikuwa akimrudisha Mama kutoka kliniki kwa lile gari lake la kutembezea watalii. Nyuma ya gari hilo hakukosi mahema, mtungi wa gesi na sanduku la spana. Mbuzi akakatiza barabara. Breki zilishika, mbuzi akaenda zake, lakini sanduku la spana halikuwa na habari ya breki. Liliruka kutoka nyuma, likapita kando ya sikio la Mama, likavunja redio. Mama hakuumia hata ukucha. Ila tangu siku hiyo tumefaulu kumpandisha gari mara moja tu, na alikaa shingo ameigeuza nyuma kama mtu anayefuatwa. Hatujafika hata mwisho wa mtaa, akaomba ashuke. Na kuja kwako ni siku mbili za barabara. Njia nyingine hakuna.

Basi mume wangu akamtafuta fundi wa kuchomelea anayeitwa Milimita mtaa mzima. Jina lake la kweli silijui, wala sidhani kama mkewe bado analikumbuka. Ni mtu mnene, mpole, mwenye penseli sikioni. Alikuja kupima mara tatu kabla ya kukata chuma. Ametengeneza fremu ya bomba za mraba, akaichomelea wavu wenye matundu ya vidole viwili, wa kusimama kutoka sakafuni hadi darini, mgongoni kabisa mwa kiti cha nyuma cha abiria. Unafungwa kwa boliti sita kwenye mashimo yaliyokuja na gari tangu kiwandani. Mashimo ya juu alilazimika kuyatafuta kwa kufunua kitambaa cha dari, polepole, kama daktari anayefunua kope. Boliti zote alizishika kwanza kwa vidole, zikiwa zimelegea. Halafu akazikaza kwa zamu, juu kulia, chini kushoto, ili fremu isikae upande. Nilipenda sana kumtazama. Kuna watu ukiwatazama wakifanya kazi, moyo wako nao unajipanga.

Leo mchana kazi ilikuwa imekwisha. Mume wangu akaenda kurudisha drili aliyoazima kwa seremala wa mtaa wa nyuma, funguo za gari mfukoni, simu ameiacha juu ya dashibodi. Fundi akaingia sehemu ya mizigo kufagia vumbi la chuma. Mlango ule wa nyuma, Mama Mdogo, ukishajifunga haufunguki kwa ndani. Unataka ufunguo, tena kwa nje. Upepo ukaja. Tukasikia pa! Kisha kimya.

“Jamani,” sauti ya fundi ikatoka nyuma ya wavu. “Nimejifungia mwenyewe.”

Niliokota spana, kwa kuwa vichwa vya boliti viko upande wa abiria, niufungue wavu atoke. Mama, aliyekuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akainuka.

“Weka chini hiyo.”

“Mama, fundi yumo ndani!”

“Namwona. Fundi, unaumwa?”

“Siumwi, mama yangu.”

“Hewa unayo?”

“Ninayo.”

“Basi sukuma.”

“Nisukume nini?”

“Hiyo kazi yako. Wewe si kilo tisini? Sanduku lililotaka kuning’oa kichwa halikufika hata thelathini.”

Fundi akacheka. Kisha akaona Mama hacheki. Akasukuma kwa mikono. Akasukuma kwa bega. Mwisho akalala chali na kupiga teke kwa miguu yote miwili, gari zima likatikisika. Wavu haukucheza.

“Tena,” akasema Mama.

“Mama, mimi ni binadamu, si gunia!”

“Leo wewe ni mzigo. Vumilia.”

Niliwaacha hapo nikaenda kumtafuta mume wangu. Kwa seremala nilikuta pamefungwa. Jirani yake akaniambia wameondoka wote wawili kwenda kutazama mlango wa mteja, upande asioujua. Nikazunguka mitaa miwili nikakata tamaa, nikarudi.

Uani palikuwa kimya. Milango ya pembeni ya gari ilikuwa wazi, na Mama alikuwa ndani, kwenye kiti cha nyuma, mgongo karibu na wavu. Nilisimama palepale. Jua lilikuwa limetoka. Lilipita kwenye kioo cha nyuma na katika matundu yale, likammwagia Mama vijumba vidogo vya mwanga mabegani na mikononi. Kila wingu lilipopita vilififia, kisha vikarudi, kama vile gari linatembea chini ya miti mirefu na kumbe limesimama. Kwa kitambo nilihisi tuko safarini sote, mimi nikiwa nimesimama kando ya barabara nikiwatazama wanavyopita.

Alikuwa akimsimulia fundi habari zako. Eti mlikuwa mkilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na wewe ulikuwa ukimshika kidole cha mguu usiku kucha ili ujue hajaondoka.

“Sasa yeye ndiye anaingia gizani,” alisema, “na mimi nimekaa hapa naogopa sanduku.”

 Fundi alikuwa amekaa juu ya hema lililokunjwa, magoti kidevuni.

“Egemea, mama,” akasema. “Mimi niko nyuma yako, na hata mimi sipiti.”

Mama akaegemea. Shingo yake, ile iliyokuwa ikigeuka tangu Mei, ikalala kwenye kiti taratibu. Maneno yakapungua, yakawa moja moja, halafu yakawa pumzi.

Mume wangu alipofika na funguo zake, fundi aliinua kidole mdomoni. Tukamwonyesha ufunguo, naye akatikisa kichwa. Mlango ule ukifunguliwa unapiga kelele. Mzee wa watu alikaa humo dakika arobaini nyingine, anatokwa jasho, anatutazama kupitia wavu wake kama mtu anayelinda mtoto.

Mama alipoamka hakugeuka nyuma. Alitutazama sisi.

“Mmesimama nini? Mnangoja mdogo wangu ndiye aje?”

Tunaondoka Jumanne ijayo, tarehe 13, na Mungu akipenda jioni ya tarehe 14 tutakuwa mlangoni kwako. Barua hii anaichukua dereva mwenza wa mume wangu anayeanza safari kesho. Usijisumbue na vyumba. Mama anasema atalala na wewe.

Wasalimie sana Baba Mdogo, binamu yangu mwalimu, na mdogo wake mshonaji. Na huyo jirani anayesoma maneno haya, namshukuru kwa sauti yake. Mungu akutunzie mwanga uliobaki hadi tufike.

Ni mimi mwanao nikupendaye daima,
Binti wa kwanza wa dada yako.

Nimekunakilia mstari wa leo kutoka daftari langu, kwa sababu Mama mwenyewe anakataa kwamba alilala: Mama amepitiwa na usingizi garini saa tisa kasoro dakika sita mchana.