Meza ya Majani Kariakoo: Kwa Dk. Isidori Ansbert Mrosso

Mwaka umekamilika, Isidori, tangu tulipokuaga Magomeni na kukusafirisha hadi Uru, ukalazwa kando ya baba yako, mzee Ansbert. Watu walikuja wengi. Wahadhiri wa chuo kikuu walikaa chini ya turubai moja na wapagazi wa Kariakoo. Wakulima wa Jangwani walileta mboga badala ya maua. Katika hotuba zote za siku ile, neno lililorudiwa ni kwamba umeacha pengo. Tulilisikia, tukalia. Sasa tumeishi na pengo hilo mwaka mzima, na tunakuandikia tukiwa na huzuni, lakini zaidi tukiwa tumekasirika.

Utatusamehe. Hukupenda maneno ya kuzunguka.

Maisha yako yote ya kazi uliyatumia kuchunguza jambo moja: uhusiano wa mmea na mdudu. Ulitufundisha kwamba mmea unapoliwa na kiwavi haukai kimya. Hutoa harufu, na harufu hiyo huwaita nyigu wadogo mno, wasiomdhuru mtu, ambao huja kummaliza kiwavi. Mkulima anayepulizia sumu bila kuangalia, ulisema, huwaua walinzi wake kabla ya wezi. Ulilithibitisha hilo katika mashamba ya majaribio, ukaliandika, likasomwa katika nchi ambazo sisi tunazijua kwa ramani tu. Mama yako Candida alikusikiliza mara nyingi kwa upole, kisha akauliza, "Kwa hiyo, baba, hao viwavi unawatibu au unawahukumu?"

Ulikuwa mtu mwema, na mgumu kuishi naye. Mboga isiyo na tundu hukuila; ulisema imepuliziwa sumu. Maua ya kipaimara cha mwanao Brightness uliyakung'uta juu ya karatasi nyeupe mbele ya wageni, ukitafuta vidukari. Mkeo Scholastika alizoea kupekua mifuko ya suruali zako kabla ya kufua, kwa sababu humo kulikuwa na vichupa, na ndani ya vichupa kulikuwa na viumbe hai.

Lakini tunaloandika leo linahusu meza.

Wasomaji wasiokufahamu wajue kwamba mzee Ansbert alifungua duka la pembejeo Kariakoo, na kwamba mpaka leo duka hilo, chini ya dada yako Fortunata, linauza mbegu, mabomba ya kupulizia na dawa za wadudu. Ndani ya duka hilohilo, katika kona iliyo karibu na mlango, wewe uliweka meza yako, lenzi yako na kiti cha mgeni. Kila Jumamosi asubuhi ulikaa pale. Mteja aliyekuja kununua dawa alipita kwanza kwako.

"Shikamoo, Daktari. Naomba dawa ya wadudu."

"Marahaba. Wadudu gani?"

"Wadudu tu, Daktari. Wanakula."

"Hata wewe unakula. Lete jani kwanza."

Mteja akitoka mikono mitupu, Fortunata alipumua kwa nguvu nyuma ya kaunta. "Kaka," alikuambia siku moja mbele ya foleni, "wewe ni mtu wa nyumba hii, au umetumwa na duka la jirani?"

"Nimetumwa na nyigu," ukajibu, na foleni nzima ikacheka.

Watu wakazoea. Walikuja na majani ndani ya mifuko ya sukari, na viwavi ndani ya chupa za soda. Ulipowaeleza habari ya harufu inayowaita nyigu, muuza mchicha mmoja alikukatiza: "Daktari, wa kwangu umeishiwa vocha, hauwapigii!" Ulicheka mpaka ukavua miwani. Baadaye uliwaambia wanafunzi wako kwamba huyo ndiye aliyeelewa somo kuliko wote darasani.

Ulipoondoka, hawakuacha kuja. Hilo hatukulitegemea. Kila Jumamosi kichwa kinachungulia mlangoni: "Daktari yupo?" Fortunata anaeleza. Mtu anashika kifua, anatoa pole, anasimama kidogo. Kisha ananyoosha jani alilolileta, kwa sababu kiwavi hangojei matanga yaishe. Dada yako analitazama lile jani. Hajui. Umemwachia swali lako bila jibu lake, naye amekukasirikia kwa hilo mara nyingi kuliko anavyokiri.

Jibu lilikuwepo. Ulikuwa umeandika mwongozo kwa Kiswahili, wenye picha, unaomwonyesha mkulima mdudu adui na mdudu rafiki. Ulikuwa umeukabidhi kwa ofisi moja ili uidhinishwe na kuchapishwa. Scholastika ameufuatilia mwaka huu wote. Amevaa vizuri, amesubiri kwenye benchi, ameambiwa arudi.

"Mama, suala hili liko kwenye mchakato," afisa alimwambia mara ya mwisho.

"Lilikuwa kwenye mchakato marehemu akiwa hai."

"Basi ujue limefika mbali."

Mkeo aliinuka. Alishuka ngazi, akavuka barabara na kupita katikati ya mikokoteni mpaka dukani, akakaa kwenye kiti cha mgeni katika kona yako. Hakutaka maji wala soda. Alitaka mtu yeyote amwambie mchakato ni kitu gani.

Ndipo akaja Zahoro. Unamkumbuka: yule wakala wa dawa, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa masika. Si mtu mbaya. Alichangia msibani. Alimletea Fortunata pendekezo: kampuni yake ingepaka rangi duka lote na kujenga rafu mpya yenye taa, papo hapo kwenye kona yako.

"Dada Fotu, kona hii imelala," alisema. "Tuiamshe."

"Ni kona ya kaka."

"Kaka apumzike kwa amani. Lakini biashara haikufiwa."

Fortunata hakulala vizuri kwa sababu ya jambo hilo. Alimuuliza Mama. Mama akasema duka ni lake, aamue. Alimuuliza Scholastika. Scholastika akasema amechoka kuulizwa. Mwishowe dada yako alijiambia kwamba meza isiyo na mtu ni fanicha tu, akampigia Zahoro simu kumwambia alete fundi.

Kabla fundi hajaja, alikuja Sitara.

Sitara analima matembele bonde la Jangwani. Mafuriko yalikuwa yamesomba matuta yake mara moja tayari masika haya. Alikuwa amepanda upya. Aliweka jani mezani pako. Juu yake alikuwa kiwavi mkubwa wa kijani, mwenye pembe mkiani, amelegea, na mgongo wake umejaa punje nyeupe mfano wa mchele.

"Dada Fotu, nini hiki?"

Duka lilikuwa limejaa. Wapagazi walikuwa wanapakua magunia, mteja mmoja alikuwa anapiga kaunta kwa funguo. Fortunata alizitazama zile punje. Kulikuwa na jambo uliwahi kusema kuhusu punje nyeupe. Alikumbuka sauti yako; maneno hakuyakumbuka. Akatumia akili ya kawaida, ile ambayo mtu yeyote angeitumia.

"Mayai hayo," akasema. "Yakianguliwa, shamba limekwisha. Pulizia leo."

Sitara alinunua dawa, akapulizia.

Alirudi baada ya majuma machache. Hakuja na jani, kwa sababu majani hayakuwepo. Alikuja na kishada cha vikonyo, vilivyogugunwa mpaka kwenye mti. Kizazi kipya cha viwavi kilikuja juu ya matuta yake na hakikukuta kitu cha kukizuia. Hakupiga kelele. Tungependa angepiga.

"Daktari angeniuliza swali kwanza," alisema. "Wewe hukuniuliza."

Badria alikuwepo siku hiyo. Ni yule mwanafunzi wako wa mwisho, binti wa mzee Nurdin. Alikuja kumsalimia Fortunata kama anavyofanya tangu msiba. Alipoelezwa, alifumba macho. Yale hayakuwa mayai, alisema. Vilikuwa vifuko vya nyigu. Nyigu walikuwa wamekua ndani ya mwili wa kiwavi, wakatoka, wakajisukia vifuko mgongoni mwake ili wageuke wakubwa. Kiwavi yule alikuwa amekwisha kazi. Kilichobaki ni kusubiri nyigu watoke na kwenda kuwatafuta wengine. Dawa iliua jeshi la Sitara likiwa bado kitandani.

"Kwa nini hakutuambia?" Fortunata akauliza. Sauti yake ilipanda. "Amekaa hapa miaka yote hiyo! Kwa nini hakutuambia?"

Badria ni binti mwenye adabu. Alitazama chini. "Dada, alisema kila Jumamosi. Punje nyeupe mgongoni, usiguse. Alisema hapohapo."

Ilikuwa kweli. Ulisema hapohapo, hatua chache kutoka kaunta, na dada yako alikuwa anatoa chenji.

Siku iliyofuata Zahoro alifika na fundi mwenye futi. Fundi alianza kupima ukuta. Fortunata alitoka nyuma ya kaunta, akakaa kwenye kiti chako. Hakuwahi kukikalia.

"Dada, naomba usogee kidogo," fundi akasema.

"Sisogei."

Zahoro akacheka, akidhani ni utani. "Dada Fotu, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana kona haina mtu. Kona ina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye tuliyemzika?"

"Mwenyewe ni yeyote anayekuja na jani."

Zahoro alitoa simu mfukoni. Alipokea simu ambayo hatukuisikia ikiita, akasema kwa upole kwamba mapenzi ya ndugu yamefunga maduka mengi Kariakoo. Rafu yenye taa ilijengwa duka la ng'ambo ya barabara. Inapendeza, Isidori. Tunaiona tukiwa tumekaa kwenye meza yako.

Fortunata alikwenda Jangwani na vipando vipya vya matembele, akainama pamoja na Sitara mpaka tuta la mwisho. Sitara alimwambia anapanda kama mtu anayefukia takataka. Wanasalimiana. Uaminifu haujarudi wote, na hatutasema umerudi.

Tangu mwezi uliopita, Badria anakaa kwenye meza kila Jumamosi asubuhi. Tungependa kukuandikia kwamba sasa mambo ni mazuri. Hukupenda matokeo yaliyopakwa rangi, kwa hiyo tunakuandikia yalivyo. Jumamosi yake ya kwanza alikuja baba mmoja wa makamo na bamia lenye vidukari. Badria alilitazama kwa lenzi. Alimwonyesha wadudu wengine wawili walioanza kuwala vidukari hao, akamwomba asubiri, asipulizie, arudi wiki ijayo na jani jingine. Alieleza vizuri. Wewe ungejivuna.

"Binti," yule baba akasema, "nimetoka mbali. Siwezi kurudi na mdudu wangu yuleyule."

Akatoka. Tulimwona akivuka barabara na kuingia kwenye duka lenye taa. Fortunata alimfuata, akiwa na kitenge kiunoni, akipenya kati ya mikokoteni na machinga wenye kandambili mabegani. Alimkuta akitoka na kopo.

"Baba, kabla hujapulizia, tazama tena. Tafadhali."

"Dada, wewe si ndiye muuzaji wa ng'ambo? Sasa unanizuia nisinunue?"

"Nakuzuia."

Yule baba alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akatabasamu kwa heshima, akaenda zake na kopo lake.

Dada yako alirudi, akakaa. Alimlaani yule baba, akamlaani Zahoro, akailaani ile ofisi na mchakato wake, akakulaani na wewe. Badria alimpa maji. Kisha Fortunata akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa kaka ilikuwa hivi pia?"

"Ilikuwa hivi," Badria akasema. "Wengi walivuka."

Hatukujua, Isidori. Ulikuwa unarudi Magomeni kila Jumamosi mchana, unanawa, unakaa mezani, unauliza watoto wamesoma nini. Tuliuona uso wako umekunjamana, tukadhani ni njaa. Ulikuwa umewatazama watu wakivuka barabara asubuhi nzima, na Jumamosi iliyofuata ulikwenda tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza siku yako ilikuwaje.

Badria na Fortunata watakuwepo Jumamosi hii. Mwongozo bado haujatoka. Scholastika atarudi kwenye lile benchi Jumatatu. Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Magomeni Jumapili, misa ya pili, na baada yake wote mnakaribishwa nyumbani. Mboga zitakuwa na matundu.

Unakumbukwa na mama yako Candida; mkeo Scholastika; watoto wako Brightness na Elibariki; dada yako Fortunata; ukoo wote wa Mrosso wa Uru, Moshi na Dar es Salaam; mwanafunzi wako Badria Nurdin; wafanyakazi wa duka, majirani wa Magomeni, na wakulima wa bonde la Jangwani, akiwemo Sitara, aliyeomba jina lake lisiachwe.

Raha ya milele akupe Bwana. Sisi bado tumekasirika, na kila siku ya hasira hii tutakuwa tunakukumbuka.