Miguu ya Mama Pascasie

Jovita we, acha unachofanya, usome hii. Natoka kanisani sasa hivi, bado siamini.

Pasta Mardochée leo kahubiri unyenyekevu mpaka jasho linamtiririka. Akavua koti, akajifunga taulo jipya, akaletewa beseni la maji, akasema ataosha miguu ya mukristo yeyote, kama Yesu. Na mpiga foto kamleta kutoka mjini.

Wa kwanza kukaa kwenye kiti ni nani? Mama Pascasie, yule anayekamua mawese kule Kizuka. Unaijua miguu yake, mawese yamemwingia mpaka kwenye kucha.

Pasta akaangalia miguu. Akaangalia taulo. Akasema, "Mama, nenda kwanza ukanawe miguu, halafu urudi nikuoshe."

Nakuapia Jovita. Ukanawe kwanza, halafu nikuoshe.

Mama wa watu hakubisha. Alimshukuru tu kwa Kirundi, "Murakoze, Pasta," akashika njia ya ziwani. Wamama wa kwaya wakamfuata wamuoshe wao. Halafu wazee. Halafu mimi na wengine wote.

Pasta amebaki na mpiga foto wake. Ile maji bado iko kwenye beseni, safi vile vile ilivyoletwa.