Rediogramu Niliyomsingizia Kaka

Bulla Mzuri,
Garissa.
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka yangu Keynan,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe, wifi yangu Mwantumu na watoto wote. Macho yanaendeleaje tangu utolewe mtoto wa jicho? Najua bado hujaruhusiwa kusoma, kwa hiyo nimeandika Kiswahili badala ya Kisomali chetu ili wifi akusomee. Wifi, nakuomba kitu kimoja. Ukifika mahali pa kucheka, cheka kwanza peke yako, umalize, ndipo umsomee mwenzio.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Joto ni lilelile unalolijua. Habaryar Ramlo, mama yetu mdogo, amepona mguu. Anatembea kwa mkongojo na bado anawafokea watoto wa jirani kama zamani. Binti yangu Iftin anaendelea na kazi yake ya uuguzi, na habari za posa yake unazo, maana ndiyo sababu umekata tikiti ya kuja mwezi ujao kusimama kama mjomba wake.

Sasa kaka, kabla hujafika hapa kuna jambo lazima ulijue. Nimeshindwa kulisema kwa simu, maana kwenu simu inawekwa spika na nyumba nzima inasikiliza. Naona aibu. Naona aibu mpaka nikienda kununua maziwa navuta mtandio usoni kama bi harusi.

Ile redio ya kabati ya marehemu mume wangu Abdimalik unaikumbuka, rediogramu aliyoinunua kwa Mhindi wa duka la vitambaa alipokuwa anahama. Ukifungua kifuniko cha juu unakuta sahani ya kuzungushia santuri. Abdimalik alipofariki niliifunika kitambaa nikaiacha. Halafu wewe mchokozi ukaanza kunitumia santuri za bendi za zamani kutoka soko la mitumba la huko Tanga, moja moja, kila ukimpata mtu wa kuja huku. Nikamtafuta fundi, akabadilisha zile taa zake za ndani, ikafufuka.

Nikuambie ukweli, nimezipenda kupita kiasi. Mimi mjane, mwalimu mstaafu, mtu anayeombwa kufungua mikutano ya kina mama kwa dua, Iftin akishaenda kazini nafunga lango, naweka santuri, nasubiri taa zipate moto. Haiimbi mara moja. Kwanza inavuma, halafu gita linakuja kutoka mbali, halafu tarumbeta, halafu nyumba nzima inajaa. Nikikanda unga wa chapati, mikono inafuata ngoma. Nikifagia, ufagio unakuwa bwana wa kucheza naye. Iftin peke yake ndiye aliyejua, naye alikuwa ananicheka tu.

Siku ya posa, wazee wa upande wa Warfa, mchumba wake, walituambia watafika baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa wanatoka Bute na njia ni ndefu. Kumbe walilala Wajir, wakaondoka alfajiri. Mimi asubuhi ile nilikuwa jikoni nachemsha nyama, na ili nisikose hata gita dogo nilikuwa nimeweka sauti juu kabisa. Katikati ya wimbo stima ikapotea, kama kawaida yake. Sikujali. Nikaendelea na nyama yangu.

Muda si mrefu nikasikia lango linagongwa, na sauti za wanaume zinatoa salamu. Adhuhuri yenyewe ilikuwa bado. Kaka, niliruka kama msichana. Nikateremsha kifuniko cha rediogramu, nikatandika juu yake kitambaa cheupe cha mezani, nikapanga chupa za chai, tende, halwa na jagi la maziwa ya ngamia. Ikawa kabati zuri la wageni. Sindano niliiacha juu ya santuri, na swichi sikuikumbuka kabisa.

Wazee wakaketi sebuleni na shemeji yangu Hamse, aliyekuja kuwapokea kwa niaba ya marehemu ndugu yake. Sisi wanawake tukawa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mambo yalikwenda vizuri sana. Ogle, ami yake Warfa, mzee wa ndevu za hina na maneno machache, alieleza walichokuja kutafuta. Hamse akajibu kwamba wamefika nyumbani. Wakainua mikono kumwombea Iftin wangu dua, na hapo hapo stima ikarudi.

Feni ikaanza kuzunguka, na mzee mmoja akashukuru. Mimi ndiye niliyesikia mvumo. Nilijua kinachokuja na sikuweza kufanya lolote, maana mwanamke hawezi kujitupa tu katikati ya wazee walioinua mikono. Gita likaanza kutoka mbali. Ogle akasita. Kila mzee akashika mfuko wake, akidhani ni simu ya mwenzake. Ogle mwenyewe akaitoa yake, akaitazama kwa masikitiko, akaizima. Gita likazidi. Halafu tarumbeta zikaingia, na mwimbaji akaanza kumbembeleza binti fulani atoke wakacheze mpaka kuche, kwa sauti ya kusikika msikitini.

Ikabidi niingie. Niliondoa chupa za chai moja baada ya nyingine, tarumbeta zikinipigia tumboni, na hakuna aliyenisaidia kwa sababu hakuna aliyejua natafuta nini. Nikainua kifuniko, nikazima.

"Hii kabati ni ya nani, walaal?" Ogle akaniuliza, kama mtu anavyomuuliza dada yake. Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira labda ningesema kweli.

Nikajibu, "Si yangu. Ni ya kaka yangu Keynan, yule wa Tanga. Aliiacha hapa. Mimi hata kuitumia sijui."

Ndiyo, kaka. Nilikusingizia mbele ya wazee, hata hina ya posa haijanunuliwa. Abdimalik naye nikamkana kwa pumzi hiyohiyo. Ogle akasema, "Haya," akainua mikono upya, dua ikamalizika, Fatiha ikasomwa na chai ikanywewa. Posa ilikubaliwa. Nilirudi nyuma ya pazia nikidhani nimeokoka.

Wageni walipoondoka Iftin akaniketisha. "Hooyo, ulisema hujui kuitumia. Mbona mkono ulienda kwa swichi bila kuangalia? Ukainua sindano, ukashika santuri kwa kingo, ukaipuliza vumbi, ukairudisha kwa jalada yake. Kila mtu alikuona." Kaka, sikukumbuka kufanya hayo. Mikono ilifanya yenyewe huku mdomo ukikana.

Kwa hiyo wanajua, au angalau nadhani wanajua, na adabu yao ndiyo inayoniua. Hakuna aliyenitania. Hamse anaiita "ile redio ya Keynan" bila hata kutabasamu. Tena juzi Ogle ameleta ujumbe kwamba kwa kuwa ni mali yako, na kwa heshima yako kama mjomba wa bibi harusi, lori lao la mifugo linalokwenda Mombasa Alhamisi litaichukua, na jamaa yao ataivusha mpakani hadi Tanga ikufikie mwenyewe. Nimeshukuru. Ningesema nini kingine? Nikifungua mdomo sasa, watasema binti wamemposa kwa mama anayesema uongo mikono ya dua ikiwa bado hewani, na hakuna atakayewalaumu wakirudi nyuma. Iftin anampenda Warfa. Siwezi kumharibia kwa ajili ya santuri.

Basi nakuomba, kaka, na kalamu inaniwia nzito. Ikifika, ipokee. Ukija hapa na mtu akakuambia jambo juu ya muziki na umri wako, nyamaza, ukubali kuwa ni yako. Najua si haki. Wewe huna kosa zaidi ya kunitumia raha.

Barua hii nitaificha ndani ya rediogramu, chini ya santuri, isafiri nayo.

*

Alhamisi, 12 Septemba

Kaka, barua nimeitoa tena, naendelea kuandika hapahapa.

Lori lilikuja leo asubuhi. Warfa mwenyewe alikuja, na wapakiaji wawili vijana wenye nguvu. Nilisimama pembeni, na kama ilivyo desturi ya mkwe na mama mkwe, yeye akatazama sakafu na mimi nikatazama ukuta. Nikangoja wamalize upesi ili nilie vizuri.

Hawakumaliza upesi. Walipima mlango, wakapima tena. Walipoinua, hatua chache tu wakaitua. Mmoja akaomba maji. Mwingine akakumbuka kamba iko kwenye lori, akaenda kuitafuta kana kwamba imezikwa. Walipofika barazani wakaitua tena, na Warfa akaanza kufuta vumbi kwenye kifuniko kwa kiganja chake. Kimoyomoyo niliwaita wavivu. Lakini ule mkono unaofuta kifuniko ulinishinda. Abdimalik alikuwa akikifuta hivyohivyo kila akitoka safari.

Nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Warfa mwanangu, irudisheni ndani. Si ya Keynan. Ni ya marehemu na ni yangu. Siku ile niliogopa nikasema uongo, na ndiyo niliyokuwa naisikiliza asubuhi ile. Kamwambie mzee Ogle hivyo, kisha mwamue mnavyoona."

Wapakiaji wakatazamana. Warfa hakuinua macho.

"Tunajua, hooyo," akasema. "Mzee alituambia tupakie polepole."

Kaka, nilitamani ardhi ipasuke. Wakaibeba kuirudisha ndani, na safari hii ilikuwa kufumba na kufumbua, haikutuliwa hata mara moja. Mlangoni Warfa akaniambia ujumbe uliobaki: kuhusu muziki wenyewe, mzee anasema hilo ni langu na Mola wangu, yeye si mtu wa muziki. Anachoomba tu ni kwamba siku ya nikaha waya uchomolewe ukutani. Nimeahidi kuuchomoa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kwa hiyo lile nililokuomba hapo juu usilifuate. Nimeliacha lisomwe ili ujue nilikufikiria vibaya kiasi gani. Njoo kichwa juu, kaka. Jina lako nimelisafisha, langu bado nalifua. Na ukija, pita pale sokoni kwenu uniulizie sindano, maana hii imeanza kuchakaa.

Wifi Mwantumu nisalimie sana, na sasa anaweza kucheka kwa sauti. Wabusu watoto wote. Habaryar Ramlo anakusalimu na kusema usije mikono mitupu. Hamse na Iftin wanakusalimu pia, na Iftin anasema mjomba wake lazima akae mbele kabisa. Mwenyezi Mungu ayaponye macho yako, akulinde njiani, na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayekuomba msamaha,

Osob